Kufuatilia fedha za mtoto maskini kwenye bajeti ya serikali: mwongozo kamili

Bajeti ya Serikali ya Tanzania kwa mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Kwa kiwango cha ruzuku ambacho elimu bila ada ilianza nacho Januari 2016, mwanafunzi wa shule ya msingi anapelekewa shuleni shilingi 6,000 kwa mwaka, sawa na 500 kwa mwezi. Mwongozo huu unakuonyesha njia kati ya namba hizo mbili: fedha inapita wapi, inapungulia wapi, na ukifika kila kituo umuulize nani.

Umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, diwani, mtendaji na kikundi chochote cha jamii Tanzania Bara. Zanzibar ina bajeti yake inayopitishwa na Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo ofisi za huko ni nyingine. Si lazima uwe umesomea uhasibu. Daftari, kikokotoo cha simu na subira ya mwaka mmoja wa fedha vinatosha.

Kwa nini mtoto maskini ndiye anayeumia

Shule ikikosa vitabu, mzazi mwenye uwezo ananunua. Zahanati ikiishiwa dawa, anakwenda duka la dawa au hospitali binafsi. Mtoto wa kaya maskini hana mahali pengine pa kwenda. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa chini ya mstari huo. Kaya ya namna hiyo haina akiba ya kuziba pengo la bajeti. Pengo linabaki kwa mtoto mwenyewe: anakaa chini darasani, anashinda njaa, anatibiwa kwa kuchelewa.

Kingine ni muda. Barabara iliyochelewa mwaka mmoja bado ni barabara itakapojengwa. Udumavu hujijenga kuanzia mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, na ukishapita hapo ni vigumu mno kuurudisha nyuma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015/16 ulikuwa umekuta asilimia 34. Kwa hiyo unapofuatilia fedha za watoto, andika mwezi zilipofika kwa uzito uleule unaoandika kiasi. Fedha ya lishe ya Oktoba ikifika Mei, yule mtoto wa miezi kumi na minane ameshavuka miaka miwili bila kuonja faida yake.

Hatua ya 1: Jua kalenda, kwa sababu Juni umeshachelewa

Watu wengi huanza kusikiliza habari za bajeti katikati ya Juni, Waziri wa Fedha anaposoma hotuba Dodoma. Siku hiyo hakuna tena la kubadilisha kuhusu zahanati yenu. Maamuzi yanayogusa kijiji yanafanywa miezi mingi kabla.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda, Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti ya mwaka unaofuata. Wakati huohuo vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaojulikana kwa kifupi chake O&OD. Vipaumbele hivyo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, kamati za kudumu za madiwani, na mwisho baraza maalumu la bajeti, ambalo kwa kawaida hukaa Januari au Februari. Baada ya hapo bajeti inapita mkoani, inachambuliwa TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa) na Hazina, na Bunge hukaa kuijadili kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni.

Zungushia miezi ya Oktoba hadi Februari kwenye kalenda yako. Hiyo ndiyo miezi ya kuomba. Julai hadi Juni inayofuata ni miezi ya kuhoji kama mlichopewa kimefika.

Hatua ya 2: Chagua mafungu machache uyajue vizuri

Bajeti ya halmashauri ni kitabu kinene na hakina sura inayoitwa "watoto". Fedha zao zimetawanyika kwenye elimu, afya, maji, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii. Ukitaka kufuata zote utachoka kabla ya Septemba. Mimi ningeanza na nne.

*Ruzuku ya uendeshaji wa shule.* Kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kilizaliwa na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002, wakati kiasi hicho kilikaribiana na dola 10 za Marekani. Elimu bila ada ilipoanza 2016 kilitumika kiwango kilekile, na thamani yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 5. Katika hiyo 10,000, shilingi 6,000 hupelekwa kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa sekondari ni 25,000, nusu kwa shule na nusu kwa vitabu. Muulize mwalimu mkuu kiwango kinachotumika mwaka huu, uandike, kisha upige hesabu ya shule yenu. Shule ya wanafunzi 600 kwa kiwango cha 6,000 inastahili shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kila mwezi. Humo ndimo zinatoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na shughuli za ofisi.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa shule ya msingi, ni fedha tofauti. Ukichanganya hizo mbili utamtuhumu mwalimu asiye na kosa, na mazungumzo yatakufa hapohapo.

Ruzuku hii haina chakula cha mchana. Mwongozo wa serikali wa chakula shuleni unawategemea wazazi wachangie, kwa mahindi, maharage au fedha. Mtoto ambaye kwao hawana debe la mahindi ndiye anayeangalia wenzake wakila. Kijiji kinaweza kuamua kwenye mkutano wake kwamba kaya zilizotambuliwa kuwa maskini zisamehewe mchango na sehemu yao ibebwe na shamba la shule au na mapato ya kijiji. Uamuzi huo usiishie kusemwa kwa mdomo. Hakikisha umeandikwa kwenye muhtasari.

*Lishe.* Halmashauri zinaelekezwa kutenga kutoka mapato yao ya ndani shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na TAMISEMI, mbele ya Mama Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu wa Rais, na mwaka 2022 akiwa Rais mkataba mwingine ulisainiwa Dodoma. Hili ndilo fungu rahisi kuliko yote kulikagua. Omba idadi ya watoto chini ya miaka mitano kwa mganga mkuu wa wilaya, zidisha mara 1,000, linganisha na kilichoandikwa kwenye bajeti. Halmashauri yenye watoto 40,000 inapaswa kuwa na milioni 40. Kisha uliza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza: zimetolewa ngapi hadi robo hii? Mapato ya ndani yakisuasua, lishe huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusubirishwa, maana hakuna mkandarasi anayedai wala jengo linaloonekana halijaisha.

*TASAF.* Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), uko chini ya Ofisi ya Rais, na sehemu kubwa ya fedha zake imetoka Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kwa hiyo diwani wako hawezi kuongeza kiwango cha ruzuku inayolipwa kaya. Anachoweza, na wewe unachoweza, ni kusimamia utambuzi wa kaya, kwa sababu majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Watoto wanaoachwa ni wale ambao hakuna wa kuwasemea pale mkutanoni: wanaolelewa na bibi asiyetembea, wenye ulemavu wanaofichwa ndani, waliohamia juzi na mama yao baada ya ndoa kuvunjika. Nenda mkutanoni ukiwa na orodha yako kichwani. Kaya ikishaingia, sehemu ya ruzuku yake imefungwa na masharti, mtoto ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku na mchanga apelekwe kliniki. Kama zahanati iko kilomita nyingi au mvua imekata daraja, mtoto anapunguziwa ruzuku kwa kosa la miundombinu. Hilo lipelekwe kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri kwa maandishi.

*Ustawi wa jamii.* Hili ni fungu dogo kuliko yote na pengine ndilo linalookoa watoto walio taabani zaidi: waliopigwa, walionajisiwa, waliotupwa, wanaoishi mtaani. Angalia mambo mawili tu. Halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii wangapi kwa kata ngapi, na wana fedha gani ya mafuta na nauli. Afisa asiye na nauli hafiki kwenye shauri la mtoto, hata awe na moyo gani.

Hatua ya 3: Pata nyaraka

Anza na zilizo karibu. Shule inatakiwa kubandika mapato na matumizi yake kwenye ubao wa matangazo. Mtendaji wa kijiji anatakiwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa walau kila miezi mitatu. Piga picha kila ukurasa unaobandikwa, na tarehe yake, kwa sababu ubao husafishwa.

Kwa ngazi ya taifa, tovuti ya Wizara ya Fedha huweka vitabu vya bajeti. Humo kila wizara au mkoa una fungu lake lenye namba. Jifunze namba hizo: 46 ni Wizara ya Elimu, 52 ni Afya, 53 ni Maendeleo ya Jamii, 56 ni TAMISEMI. Mikoa ina mafungu yake, na humo ndimo halmashauri zako zilimo. Tahadhari moja unaposoma Fungu 46: mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, mamia ya mabilioni ya shilingi, imo ndani ya matumizi ya maendeleo ya wizara hiyo. Ukisikia bajeti ya maendeleo ya elimu imepanda, toa kwanza mikopo ndipo uone kilichobaki kwa mtoto wa darasa la awali.

Ukinyimwa nyaraka, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua fupi hufanya kazi kuliko ndefu:

> Mkurugenzi Mtendaji,
> Halmashauri ya Wilaya ya ________.
>
> YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA FEDHA ZA LISHE, MWAKA WA FEDHA ____/____
>
> Husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Mimi ni mkazi wa kijiji cha ________, kata ya ________. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa: (a) kiasi kilichotengwa kwa shughuli za lishe kutoka mapato ya ndani, (b) kiasi kilichotolewa kwa kila robo mwaka, (c) shughuli zilizofanyika katika kata yetu na gharama zake.
>
> Natanguliza shukrani.

Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Siku 30 zako zihesabu kuanzia tarehe ya muhuri huo.

Hatua ya 4: Piga hesabu kwa kila mtoto

"Bajeti imeongezeka" ni sentensi inayoweza kuwa kweli huku mtoto amepunguziwa. Chukua mfano. Mwaka jana halmashauri ilipewa milioni 360 za ruzuku kwa wanafunzi 60,000: kila mmoja 6,000. Mwaka huu imepewa milioni 380, ila wanafunzi sasa ni 66,000. Gawanya: 5,757. Fedha zimepanda kwa milioni 20 na kila mtoto amepoteza zaidi ya shilingi 240. Elimu bila ada ilipotangazwa, uandikishaji wa darasa la kwanza ulipaa ghafla mwaka 2016, na kila shule iliyopokea watoto wengi kuliko matarajio iliishi hesabu hii.

Baada ya kugawa kwa mtoto, tazama bei. Ream ya karatasi ilikuwa bei gani mwaka jana, na sasa? Huhitaji takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa hili. Risiti za mwalimu mkuu zinatosha.

Mwisho tazama sehemu ya elimu au afya katika bajeti nzima. Azimio la Abuja la 2001 liliwataka wakuu wa nchi za Afrika kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa elimu, makubaliano ya Incheon ya 2015 yanataja asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Unapolinganisha, kumbuka kwamba deni linachukua sehemu yake kabla ya yote. Katika zile trilioni 49.35 za 2024/25, shilingi trilioni 13.13 ziliwekwa kwa ajili ya kuhudumia deni la serikali, zaidi ya robo ya bajeti yote. Ndiyo maana mjadala wa nchi kukopa kiasi gani, na kwa riba gani, ni mjadala wa watoto pia.

Mkopo wenyewe si uovu. Mwaka 2021 Serikali ilipata shilingi trilioni 1.3 za Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na athari za UVIKO-19, na kwa fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000, kati yake 3,000 kwenye shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Darasa moja lilipangiwa milioni 20. Mtoto aliyekuwa akitembea kilomita nyingi kwenda shule mama alipata shule jirani, na hilo ni jambo jema lisilohitaji kupunjwa. Swali la kuuliza kila darasa jipya linapofunguliwa ni la matumizi ya kawaida: mwalimu wake ametengewa mshahara kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) ya mwaka gani, na matundu ya vyoo yako wapi?

Hatua ya 5: Chora jedwali la safu nne

Kwa kila fungu ulilochagua andika: kilichotengwa, kilichotolewa, kilichotumika, kilichofika. Safu tatu za mwanzo utazipata kwenye taarifa za robo mwaka za halmashauri. Ya nne unaijaza mwenyewe kwa kwenda shuleni na zahanati.

Pengo kati ya safu ya kwanza na ya pili maana yake fedha haikutoka Hazina, au mapato ya ndani hayakukusanywa. Wa kuulizwa ni mkurugenzi na mweka hazina. Pengo kati ya pili na tatu maana yake fedha ilikuja ikakaa, mara nyingi kwa sababu iliingia Mei au Juni na taratibu za manunuzi hazikuwahi. Hapo mwulize ofisa manunuzi alianza lini. Pengo kati ya tatu na nne ndilo la kupeleka kwa mkaguzi wa ndani, na likiwa na dalili za wizi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Usiruke hatua. Anayepeleka pengo la kwanza TAKUKURU anarudishwa nyumbani, na safari nyingine hasikilizwi hata akiwa na ushahidi.

Hatua ya 6: Sema panapoandikwa

Malalamiko ya kijiweni hayaingii kwenye muhtasari. Mkutano mkuu wa kijiji unaandikwa, Kamati ya Maendeleo ya Kata inaandikwa, kamati ya Elimu, Afya na Maji ya madiwani inaandikwa. Omba jambo moja lenye kiasi. "Tunaomba watoto wakumbukwe" halina pa kuingia kwenye bajeti. "Tunaomba milioni 4 za matundu manne ya vyoo vya wasichana shule yetu, kutoka mapato ya ndani, robo ya kwanza" mchumi wa wilaya anaweza kuliingiza kwenye mfumo siku hiyohiyo. Mpatie diwani karatasi ya ukurasa mmoja wiki moja kabla ya kikao, na nenda ukakae baraza likikaa. Vikao vya kawaida vya baraza viko wazi kwa wananchi. Hutaruhusiwa kuchangia, lakini diwani anaposimama akiwaona watu wa kata yake wameketi nyuma, husoma karatasi yote.

Waulizeni na watoto wenyewe kabla ya kuandika. Mabaraza ya watoto yapo katika kata na halmashauri nyingi, na wasichana wa darasa la sita watakutajia mlango wa choo usio na komeo kabla mtu mzima hajaufikiria.

Jambo la kodi nalo lina mahali pake, ila ni kwa mbunge. Mwaka 2018 Bunge liliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike; mwaka 2019 ikarudishwa, Serikali ikieleza kwamba bei dukani haikushuka. Binti maskini alikosa unafuu mara mbili, kwanza wafanyabiashara hawakupunguza bei, kisha msamaha wenyewe ukaondoka. Anayedai msamaha wa kodi kwa bidhaa ya mtoto adai pamoja nao namna ya kufuatilia bei, au adai fedha hiyohiyo inunue taulo zipelekwe shuleni moja kwa moja.

Hatua ya 7: Ripoti ya CAG

Mwishoni mwa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti za mwaka ulioishia Juni iliyopita, na Aprili zinawekwa mezani bungeni na kwenye tovuti ya ofisi yake. Fungua ripoti ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, kisha maneno "lishe", "ruzuku" na "ustawi wa jamii". Utakachokuta kinahusu mwaka uliopita, na ndiyo faida yake: unaweza kukiweka kando ya jedwali lako la mwaka ule na kuona kama pengo uliloliona shuleni mkaguzi naye aliliona. Yaliyoafikiana yapelekwe kwa mbunge mapema, kabla Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa haijamwita mkurugenzi wako. Hapo mkurugenzi analazimika kujibu hoja kwa maandishi, na majibu hayo ni nyaraka nyingine ya kuomba masijala Julai, pamoja na taarifa ya robo ya nne.